Ndoa ya Watu Waliofukuzwa: Tunajifunza Nini kwa Wamormoni wa Kwanza?



Somo hili ni letu sote, wazee wa kanisa, akina mama, vijana, na ninyi mliofika kambini wiki hizi na bado mnasubiri kiwanja cha kujenga. Karibuni sana. Hata sisi tuliowatangulia tulifika tukiwa na vumbi miguuni na mtoto mgongoni.

Somo la mwezi huu limetokana na swali. Baada ya ibada ya Jumapili moja, mama mmoja mjane wa ushirika wetu alinifuata nyuma ya kanisa. Mumewe alifia njiani walipokuwa wakikimbia, akazikwa haraka kando ya barabara, na leo hakuna anayeweza kupaonyesha mahali pale. Mama huyu ana ndugu aliyehamia Marekani, katika jiji la Salt Lake City, jimbo la Utah. Ndugu huyo alimwambia kwa simu kwamba kule kuna kanisa kubwa la Wamormoni, na wao hufundisha kwamba ndoa inaweza kufungwa isikatwe hata na kifo. Mama akaniuliza, "Pasta, ni kweli? Nikifika mbinguni, mume wangu atakuwa bado mume wangu?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia, "Mama, nipe muda nisome, nisije nikakupa jibu la haraka kwa jambo zito." Haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika hapa kwa sababu naona hayamhusu yeye peke yake.

Niseme mapema: mimi si wa kanisa hilo, na sikuandika ili kuwacheka au kuwatukana. Wao hujiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mafundisho yao mengi hatukubaliani nayo. Lakini katika kusoma habari zao nilikutana na kitu ambacho sikukitegemea. Watu hawa walikuwa wakimbizi. Walifukuzwa jimbo hadi jimbo, nyumba zao zikachomwa, wakavuka mito wakati wa baridi kali na watoto wadogo. Mengi waliyoyaamini kuhusu ndoa, na kuhusu kazi ya mume na kazi ya mke, waliyapata wakiwa katika hali hiyo. Ndiyo maana nikasema, hapa tuna la kujifunza, jema na la kuonya.

1. NDOA NI YA MUNGU

Kanisa lao lilianzishwa tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, na kiongozi wao alikuwa kijana aitwaye Joseph Smith. Wakati ule kulikuwa na watu wengi Marekani waliofundisha mambo mapya juu ya ndoa. Mojawapo ya madhehebu hayo liliitwa Shakers. Hao walisema mtu anayemtaka Mungu kweli asioe wala asiolewe, na wanaume na wanawake wao waliishi kama ndugu na dada.

Mwaka 1831 Joseph Smith alitoa tamko lililoelekezwa kwa watu hao, akasema kwamba anayekataza kuoa hakutumwa na Mungu, kwa maana ndoa iliwekwa na Mungu mwenyewe kwa ajili ya wanadamu. Mpaka hapo hatuna ugomvi naye. Ndivyo tunavyosoma katika Mwanzo 2, kwamba Mungu aliona si vema mtu awe peke yake, naye ndiye aliyempatia msaidizi. Waebrania 13:4 nayo inatufundisha kuiheshimu ndoa.

Mwaka 1835 Wamormoni walichapisha katika kitabu chao cha Mafundisho na Maagano tamko jingine, kwamba mume awe na mke mmoja, na mke awe na mume mmoja. Hata Kitabu cha Mormoni, ambacho wao hukiheshimu sana, kina mahali kinapowakemea wanaume waliojitwalia wake wengi, ingawa kinaacha mlango kwamba Mungu akitaka anaweza kuamuru vingine. Tafadhali likumbuke tamko hilo la 1835, tutalirudia.

2. MKE ALIYEBEBA MZIGO

Joseph Smith alimwoa Emma Hale tarehe 18 Januari 1827. Baba yake Emma alikataa, hakumwamini kijana yule, kwa hiyo wawili hao wakaenda kufunga ndoa mbali na nyumbani. Watoto wao watatu wa kwanza walikufa saa chache baada ya kuzaliwa. Akina mama wanaosoma hapa wanajua maana ya jambo hilo, sina haja ya kulieleza.

Mwezi wa Julai 1830 Joseph alitoa tamko lililomhusu Emma kwa jina. Humo tunaona walivyofikiri juu ya kazi ya mke katika siku zile za mwanzo. Mke aliambiwa amfariji mumewe katika taabu zake, aende naye aendako, na awe mwandishi wake. Lakini hakuishia jikoni. Aliambiwa pia kwamba atawekewa mikono ili ayafafanue Maandiko na kulionya kanisa, na kwamba akusanye nyimbo za ibada. Kitabu cha nyimbo alichokikusanya kina mwaka 1835 katika ukurasa wake wa kwanza. Na mume naye alipewa wajibu: amtegemeze mke wake.

Basi mzigo huo ulipimwa barabarani. Tarehe 27 Oktoba 1838 gavana wa jimbo la Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni waondolewe katika jimbo lake au waangamizwe. Siku tatu baadaye watu wenye silaha waliivamia sehemu iitwayo Haun's Mill wakaua wanaume na wavulana 17. Mama mmoja, Amanda Barnes Smith, alimpoteza mumewe na mwanawe wa miaka kumi siku hiyo hiyo, na mtoto wake mwingine, Alma, alipigwa risasi iliyovunja nyonga yake. Hapakuwa na daktari. Mama yule aliomba, akalisafisha jeraha kwa maji ya majivu, akaweka dawa ya mizizi ya mti, akamlaza mtoto kifudifudi kwa majuma mengi. Mtoto akapona na kutembea.

Emma naye alibaki peke yake, kwa maana Joseph alikuwa amefungwa gerezani katika mji wa Liberty tangu Desemba 1838. Mwezi wa Februari 1839 Emma aliuvuka mto Mississippi kwa miguu ukiwa umeganda barafu. Alikuwa na watoto wanne, na karatasi za mumewe alizifunga kiunoni chini ya sketi zisije zikapotea. Ng'ambo ya mto, wenyeji wa mji wa Quincy, jimbo la Illinois, waliwapokea wakimbizi hao majumbani mwao.

Wapendwa, nani hapa hamjui mama kama huyo? Sisi tuliovuka ziwa kwa mtumbwi usiku, wangapi tuliletwa na mama zetu na wake zetu? Kadi ya familia ilifungwa kwenye kitenge cha nani?

Na hapa nitubu mbele yenu. Mwaka wetu wa kwanza kambini mimi nilikaa. Kule nyumbani nilikuwa mtu wa kuheshimiwa, nilikuwa na duka dogo na watu walikuja kuniomba shauri. Hapa nilikuwa namba kwenye orodha. Mke wangu alipanga foleni ya maji, alipanga foleni ya mgao, alilima vibarua kwa wenyeji, jioni akapika. Mimi nilikaa chini ya mti na wanaume wenzangu tukizungumza siasa za nchi tuliyoikimbia. Alipoomba nimsaidie kubeba dumu la maji nilimjibu, "Unataka watu waseme nini?" Mtoto wetu wa pili ndiye aliyenishinda. Siku moja alimwambia mwenzake wakicheza, "Baba yangu kazi yake ni kukaa." Kesho yake alfajiri nilichukua dumu. Watu walisema siku tatu, halafu wakachoka.

Waefeso 5 huanza habari ya ndoa kwa kuwaambia watu wote wanyenyekeane, kabla hata haijamtaja mke. Kisha humwambia mume apende kama Kristo alivyojitoa. Kujitoa si kukaa chini ya mti.

3. NDOA ISIYOKATWA NA KIFO

Sasa tuje kwenye swali la mama yetu. Wakimbizi wale walijenga mji mpya ulioitwa Nauvoo, kando ya mto Mississippi. Homa iliua wengi pale, kwa kuwa palikuwa pa kinamasi. Katika mji huo wa makaburi mapya ndipo Joseph Smith alipofundisha kwamba ndoa ikifungwa kwa mamlaka ya ukuhani, kwa tendo wanaloliita kutia muhuri, itaendelea milele, na watoto watakuwa wa wazazi wao milele. Yeye na Emma walitiwa muhuri hivyo mwezi wa Mei 1843. Tamko lenyewe liliandikwa tarehe 12 Julai 1843. Tena walifundisha kwamba hata waliokwisha kufa wanaweza kutiwa muhuri, walio hai wakisimama badala yao. Mpaka leo Wamormoni hufanya hivyo katika mahekalu yao.

Naelewa kwa nini watu walilipokea fundisho hilo kwa furaha. Mtu aliyezika watoto watatu, au aliyemwacha mume kando ya barabara bila hata msalaba wa mti, ukimwambia kwamba hakuna kilichopotea, atalia kwa furaha. Mimi simlaumu.

Lakini mama, uliniuliza mimi, na mimi nalazimika kukujibu kwa Neno nililopewa. Katika Mathayo 22 Masadukayo walimletea Bwana Yesu habari ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, wakauliza atakuwa mke wa nani siku ya ufufuo. Bwana aliwajibu kwamba siku ile watu hawaoi wala hawaolewi. Wamormoni wanalijua andiko hilo. Wao husema lina maana kwamba hakutafungwa ndoa mpya kule, ila zilizotiwa muhuri hapa zinadumu. Sisi hatulisomi hivyo. Warumi 7:2 na 1 Wakorintho 7:39 zinasema kifungo cha ndoa kinadumu wakati mume yu hai, na akifa mke yu huru.

Je, maana yake Mungu amemfuta mume wako? Hapana, mama. Bwana, katika mazungumzo yale yale, alikumbusha kwamba Mungu anaitwa Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, naye ni Mungu wa walio hai. Mungu hajasahau jina la mtu wake. Kaburi ambalo wewe huwezi kulionyesha, Yeye analiona. Mtafahamiana, mtafurahi, na upendo mliokuwa nao hautakuwa umepungua. Kitakachokuwa kimekwisha ni kifungo, wala si upendo. Na neno "huru" katika andiko lile ni neno la huruma kwako. Wakwe wasikushike kwa mahari ya zamani, mtu asikuambie kwamba roho ya marehemu inakudai. Ukiamua kubaki mjane, umeheshimiwa. Ukiamua kuolewa katika Bwana, umeheshimiwa vile vile.

4. JAMBO LILILOFANYWA SIRINI

Hapa ndipo penye uchungu, na ndipo penye onyo kwetu sote.

Tamko lile lile la 1843 lililosema habari za ndoa ya milele liliruhusu pia mume awe na wake wengi, kwa mfano wa Ibrahimu. Lakini Joseph Smith hakungoja mwaka 1843. Alikuwa ameanza kuoa wake wengine kwa siri katika Nauvoo tangu 1841, na yaelekea mara moja hata kabla ya hapo. Kanisa lao lenyewe, katika maelezo liliyoyatoa mwaka 2014, limekubali kwamba wake hao walikuwa wengi, kwamba baadhi walikuwa tayari na waume, na kwamba mmoja, Helen Mar Kimball, alikuwa na miaka 14. Tuseme na haki: Helen alipokuwa mtu mzima aliandika kuitetea ndoa ya wake wengi. Lakini binti wa miaka 14 ni binti wa miaka 14.

Mwangalieni Emma. Mwaka 1842 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, chama kilichoanza na wanawake 20 kwa ajili ya kuwasaidia maskini. Baadhi ya wanawake waliokaa naye katika chama hicho walikuwa wameolewa na mumewe, naye hakujua. Emily Partridge, mmoja wa mabinti waliokuwa wakikaa nyumbani kwa Emma, alieleza baadaye kwamba yeye na dada yake Eliza waliolewa na Joseph mwezi wa Machi 1843 bila Emma kujua. Mwezi wa Mei Emma alipokubali kwa shida na kuwachagua wao, sherehe ikarudiwa mbele yake kana kwamba ni mara ya kwanza.

Tamko la Julai lilikuwa na kitu kilichoitwa sheria ya Sara. Kama Sara alivyompa Ibrahimu Hajiri, mke wa kwanza aulizwe na atoe ridhaa. Ukisikia hivyo utasema ni jambo la heshima. Lakini tamko likaendelea: mke akikataa, yeye ndiye mkosaji, na mume anaachiliwa kufanya bila yeye. Emma alipoletewa maandishi hayo aliyakataa.

Ndugu zangu, ruhusa ambayo huwezi kuikataa si ruhusa. Ukimwuliza mtu na jibu lake ni moja tu, hukumwuliza, umemtangazia. Na ukiweka jina la Mungu juu ya tangazo hilo, umemfungia mke wako mlango wa mwisho aliokuwa akiukimbilia kulia.

Na siri haikukaa. Kitabu chao bado kilikuwa na tamko la 1835 la mke mmoja. Lilibaki humo mpaka 1876. Viongozi walikana hadharani jambo lililofanyika nyumbani. Mwezi wa Juni 1844 watu waliokosana na Joseph walichapisha gazeti, Nauvoo Expositor, wakayataja mambo hayo. Baraza la mji, naye Joseph akiwa meya, likaamuru mtambo wa gazeti uharibiwe. Kwa sababu hiyo alikamatwa, na tarehe 27 Juni 1844 kundi la watu wenye silaha lilivamia gereza la Carthage likamwua yeye na kaka yake Hyrum. Kuua kule kulikuwa uovu mtupu, hakuna wa kukutetea. Lakini tunaona jinsi siri ya nyumba moja ilivyofika mpaka kwenye uwanja wa mji.

Emma aliachwa na mimba. Wengi walipoondoka kuelekea magharibi mwaka 1846 yeye alibaki Nauvoo. Aliolewa tena mwaka 1847, na katika mwaka wake wa mwisho, 1879, mwanawe alipomwuliza, alisema mumewe hakuwa na mke mwingine ila yeye. Sina la kuongeza. Wako akina mama kati yetu ambao wangejibu hivyo hivyo, kwa sababu ukweli ni mzito kuliko dumu.

5. YALIYOFUATA UTAH

Waliofika bonde la Salt Lake mwezi wa Julai 1847, wakiongozwa na Brigham Young, walitangaza ndoa ya wake wengi hadharani mwaka 1852. Si kila Mormoni alioa wake wengi, lakini lilikuwa fundisho la kanisa, na viongozi walitegemewa kuonyesha mfano.

Tusidanganyane kwamba wanawake wale wote walikuwa vipofu au watumwa. Waume zao walitumwa mbali kuhubiri kwa miaka, na wake wakaendesha mashamba na hesabu. Mwaka 1870 wanawake wa Utah walipata haki ya kupiga kura, miaka 50 kabla ya wanawake wa Marekani yote kuhakikishiwa haki hiyo. Baadhi yao walipelekwa kusomea udaktari. Mmoja, Martha Hughes Cannon, alikuwa daktari na mke wa nne. Serikali ilipoanza kuwakamata waume wenye wake wengi, alikimbilia Uingereza na mtoto mchanga ili asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Mwaka 1896 aligombea useneti wa jimbo, na mumewe naye alikuwa mgombea wa chama kingine. Mke akachaguliwa, mume akashindwa. Alikuwa mwanamke wa kwanza Marekani kuwa seneta wa jimbo.

Lakini pia wengine waliomba talaka, na Brigham Young alizitoa kwa mamia. Wengine walikaa peke yao na watoto, wakimwona mume kwa zamu. Serikali ilitunga sheria kali mwaka 1862, 1882 na 1887, na waume wengi wakafungwa au kujificha. Mwaka 1890 rais wa kanisa, Wilford Woodruff, alitoa tangazo la kuacha ndoa hizo. Ndoa za siri ziliendelea hapa na pale, mpaka tangazo la pili la 1904. Leo Mormoni wa kanisa hilo akioa mke wa pili huku wa kwanza yu hai na hawajaachana, hutengwa. Makundi madogo yaliyojitenga ndiyo yanayoendelea na desturi ile.

Fikirini habari ya siku ile ya 1890. Kwa miaka 38 mwanamke aliambiwa hadharani kwamba kuwa mke wa tatu ni mapenzi ya Mungu. Sasa anaambiwa hakuna tena. Watoto wake wapewe jina gani mbele ya sheria? Baba alale wapi? Waliotoa fundisho walikuwa wanaume wazito, lakini walioulipia mabadiliko yake walikuwa wanawake na watoto.

6. KWETU HAPA

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatazama kambi yetu. Sitamtaja mtu. Lakini sisi sote tunajua nyumba ambayo baba ana mke upande huu, na mwanamke mwingine upande ule wa kambi aliyeandikishwa kama "dada." Siku ya mahojiano ya ofisini ukweli unatoka, na watoto wa nyumba ya pili wanabaki bila baba kwenye karatasi. Tunajua pia binti aliyetolewa shuleni kwa sababu baba alipata mtu wa kumpunguzia mdomo wa kulisha. Tunaita mahari. Mungu anaita nini?

Kwa hiyo nawaachia mambo manne.

La kwanza: usiifunge ndoa gizani. Ndoa ambayo huwezi kuitangaza kanisani siku tatu mfululizo, usiifunge hata siku moja.

La pili: mke aulizwe, na jibu la hapana lihesabiwe kuwa jibu. Binti naye vile vile, na asiulizwe kabla hajakua.

La tatu: kazi za nyumbani zimebadilika kwa sababu ya safari tuliyopitia. Mke anapobeba kadi na mume anapobeba maji, hakuna aliyeshushwa. Aliyeshuka ni yule anayetazama mwenzake akizama kwa sababu anaogopa maneno ya jirani.

La nne: tuwaheshimu wajane wetu. Tusiwaahidi zaidi ya alichosema Bwana, tena tusiwanyime hata kidogo cha alichosema.

Yule mama nilimwendea juma lililopita, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamsomea jibu langu kama nilivyoliandika hapa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Pasta, mimi nilitaka tu kujua kama Mungu anajua alipolala." Nikamwambia, anajua, mama. Akaniambia, "Basi inatosha." Akaendelea kupepeta maharage.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBA KWA NYUMBA

1. Ni kazi gani nyumbani mwenu ambayo mmoja anaifanya peke yake kwa sababu mwenzake anaogopa watu? Wiki hii mtaibadilishaje?

2. Someni Mathayo 22:23–32. Jibu la Bwana linamwondolea mjane nini, na linamwachia nini?

3. Je, katika nyumba yako kuna jambo ambalo mwenzako aliulizwa baada ya uamuzi kwisha kufanywa?

TUOMBE

Ee Baba, wewe uliyewaona Hajiri na Sara, waone mama zetu. Uwaponye waliodanganywa nyumbani mwao. Utupe sisi waume mioyo ya kutubu na mikono ya kufanya kazi. Wakumbuke waliolala njiani, ambao makaburi yao hatuyajui. Uwalinde mabinti zetu wakue. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Mbarikiwe. Tuonane Jumapili, na waume wenye nguvu wafike mapema: tuna maji ya kuchotea wazee wasiojiweza.